Bi Mwanarusi Boga Anastaafu, na Shingo Zetu Je?

Bi Mwanarusi Boga, mkandaji mkuu wa Hoteli ya Mkadini hapa Galu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Novemba 2025. Aliingia kazini tarehe mosi Machi 1994. Ni miaka thelathini na mmoja na karibu miezi tisa, na katika muda huo, mbali na likizo zake, hakukosa kazi ila alipozaa na alipofiwa. Mameneja tisa wamekuja na wamekwenda. Yeye na mimi tumebaki. Kuanzia Jumamosi nitabaki mimi, na jambo hilo limeninyima raha mwezi mzima.

Mimi ninayeandika ni Athmani Chome, mkwezi wa minazi ya hoteli tangu mwaka 1988. Ofisi ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye diploma. Nilikataa. Nilimwambia Jemima wa ofisi ya wafanyakazi kwamba mwenye diploma hakuwako siku ile ya Desemba 2011, nami nilikuwako, tena juu. Kusoma nilijifunza ngumbaru, mwaka mmoja na nusu, na mwalimu alisema hajapata mwanafunzi anayeshika upesi kama mimi. Jemima akaniambia, "Sawa mzee, lakini page moja tu." Nimeandika kumi na nne. Ameahidi kupiga chapa bila kupunguza. Herufi nimemruhusu arekebishe. Maneno la.

Bi Mwanarusi ni mzaliwa wa Mwabungo. Nyanya yake alikuwa mkunga na mkandaji, akiwakanda wazazi kwa mafuta ya uto mpaka siku arubaini zitimie, na mtoto Mwanarusi ndiye aliyeshika kibakuli cha mafuta. Hapa hotelini hakuja kukanda. Alikuja kufua na kupiga pasi shuka. Mwaka wake wa pili alitokea Mjerumani mmoja kwenye mlango wa chumba cha kufulia, anataka taulo, na shingo yake imekaza kwa safari ya ndege. Akitaka kumtazama mtu kushoto, anageuka mwili mzima, kama lori la Mackinnon Road linalotafuta pa kugeuzia. Bi Mwanarusi akaweka pasi chini, akavuta kiti, akasema, "Kaa." Mjerumani hakujua Kiswahili lakini alikaa. Baada ya dakika ishirini akaondoka anatazama huku na huku kama mtoto aliyefika mnadani, na taulo akalisahau.

Kesho yake wageni watano walikuwa wamepanga foleni kwa dobi. Mwaka 1996 hoteli ikampa chumba, ikampeleka Mombasa kwa mafunzo ya miezi sita. Alirudi na cheti, na majina ya misuli ya Kizungu, akayatia yote kabatini. Aliendelea kutuambia "hapa" na "hapa", na kila aliposema "hapa" ndipo palipokuwa.

Wageni wanamjua kwa chumba chake chenye mishumaa. Sisi wafanyakazi tunamjua kwa benchi. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri alikaa nyuma ya chumba cha kufulia, pale zinapoanikwa shuka, na mfanyakazi yeyote mwenye kuumwa alikwenda. Wanawake aliwakanda ndani. Wanaume aliwakanda kichwa, uso, shingo na mabega tu, uani, mbele ya macho ya watu, na kitambaa kati ya mkono wake na ngozi ya mtu. Hakuna aliyepata kusema neno baya, wala mume wake, Mungu amrehemu, ambaye mwenyewe aliletwa pale na shingo ya uvuvi wa ndoano.

Alitufundisha kwamba kichwa kinachouma mara nyingi hakina kosa. Mpishi anainama juu ya ubao wa kukatia tangu alfajiri, na jioni anadai ubongo unataka kupasuka. Bi Mwanarusi haugusi ubongo. Anabonyeza begani, kwenye fundo la nyama gumu kama kokwa la embe, na mpishi anaruka na kusema, "Ee! Panja limeitika!" Na watu wa mapokezi, ambao mimi niliwaona ni wavivu wasioshika kizito, yeye ndiye aliyegundua wanaumwa mashavu kwa kutabasamu. Saa kumi na mbili za kutabasamu si mchezo. Aliwaambia, "Mkifika huku kwa dobi nuneni. Huku hakuna mgeni." Utawakuta Alhamisi wamekaa safu moja, wamenuna kama watu waliofiwa na ng'ombe, na mmoja mmoja nyuso zinawarudi.

Tena alikuwa na kipimo chake. Kabla ya kumgusa mtu anamwambia apanue mdomo, aingize vidole vyake mwenyewe vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia vitatu, taya zima. Viwili, kuna kazi. Kimoja, anakutazama, na kutazamwa huko ni kubaya kuliko maumivu.

Na maswali. Kabla ya mkono huja maswali, na wengi hatukuyapenda. Mwaka 2019 alikuja Hesbon, mhudumu wa meza kutoka bara, ambaye sasa ni mkuu wa wahudumu. Shingo imekauka, kichwa kinapiga, anataka akandwe upesi arudi kazini. Bi Mwanarusi akamwuliza kama ana homa, akamwambia ateremshe kidevu kifuani. Kidevu hakikushuka. Akamwuliza mbona anafumba macho. Hesbon akasema mwangaza unamchoma. Hakumwekea hata kidole. Alimwita dereva wa hoteli, akamfunika kichwa kwa leso yake mwenyewe, na saa moja baadaye Hesbon alikuwa hospitalini Msambweni anatibiwa homa ya uti wa mgongo. Madaktari walisema angekandwa na kurudi kulala, asingeamka. Hesbon akisimulia leo husema, "Mathee aliona kitu na mimi naona ni shingo tu. Wallahi." Ni mtu wa kanisani, lakini wallahi hiyo ameitolea kwa Bi Mwanarusi.

Sasa nifike kwangu. Si kwa kujisifu, lakini hakuna shingo iliyompa Bi Mwanarusi kazi kubwa kuliko yangu.

Wakwezi wengine hufunga panga kiunoni. Mimi nililiuma mpini kwa meno. Nilianza mwaka 1990, mgeni mmoja aliponiomba nifanye hivyo apate picha nzuri, na picha hiyo ikatiwa katika kitabu cha matangazo cha hoteli, ukurasa wa pili, kabla ya bwawa la kuogelea. Tangu hapo kila mgeni alitaka kumwona mtu wa picha. Minazi arubaini kwa siku, panga mdomoni, kichwa nyuma, macho juu. Hapa pwani ya kusini kuna wakwezi wengi, sikatai. Mwenye picha ni mmoja.

Maumivu yalianza kwenye taya la kushoto. Yakapanda panja, yakazunguka nyuma ya sikio, yakashuka kisogoni mpaka begani. Nikasema ni meno. Nikaenda Ukunda kwa mng'oa meno mmoja asiye na kibao mlangoni, akang'oa gego. Maumivu yakabaki. Nikarudi, akang'oa la pili. Maumivu yakabaki palepale, ila sasa sina magego mawili. Nikasema ni malaria, nikameza dawa. Nikasema ni macho, nikanunua miwani sokoni. Nikasema kuna mtu ananionea kijicho kwa ile picha, nikaenda kuzinguliwa. Miaka minne. Bi Mwanarusi alikuwa akinipita na kuniambia, "Athmani, njoo Alhamisi." Nami nikimjibu kwamba mtu wa minazi arubaini hakandwi na mtu wa shuka.

Ikaja Jumapili ya Desemba 2011. Mnazi wa kando ya bwawa, wageni wamejaa. Nilikuwa nimevuka nusu ya mnazi, taya likakaza. Si kuuma. Kukaza, kama kufuli. Nikataka kulitoa panga, meno hayakuachia. Nikataka kuita, ulimi hauna pa kupitia. Shingo nayo ikakaza, macho yakabaki kwenye makuti, nisione pa kuweka mguu. Na chini wakapiga makofi! Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mtu wa baa akanipungia mkono. Nikaukumbatia mnazi kwa mikono na miguu.

Bi Mwanarusi alitoka chumbani mwake kumwaga beseni la maji. Akatazama juu mara moja, akaliona shavu langu linarukaruka peke yake, beseni likamwanguka.

"Athmani! Usilivute panga! Pumua kwa pua! Shuka kidato kimoja, mimi nahesabu!"

Akanihesabia vidato vya mnazi mpaka chini, kwa sauti ileile anayohesabia shuka, bila haraka na bila kuruka. Nilipofika, akanikalisha kwenye kiti cha mgeni, akaweka taulo la maji moto shavuni, na vidole gumba viwili juu yake. Alibonyeza na kungoja, akabonyeza na kungoja, mpaka taya likaachia na panga likaanguka sakafuni. Wageni wakapiga makofi tena.

Akaniambia, "Magego yale uliyoyaacha Ukunda yalikuwa mazima, Athmani. Iliyokuwa ikilia ni nyama." Kisha akaniapisha mbele ya watu wa jikoni kwamba panga litakaa kiunoni. Nikaapa. Kutoka siku hiyo sikukosa Alhamisi.

Mwaka huu, mwezi wa sita, ofisi ilimleta Husna ajifunze kazi ya Bi Mwanarusi. Husna ni binti wa Msambweni, ana miaka ishirini na sita, amesomea tiba ya viungo chuoni miaka mitatu. Anasema taratibu na anaandika kila kitu daftarini. Mimi nilisema wazi, na nilisema mara nyingi, kwamba mikono ile ni ya kuandikia meseji. Wengi waliniunga mkono. Alhamisi zilipofika, foleni ya Bi Mwanarusi ilikuwa watu kumi na wawili na ya Husna ilikuwa paka wa jikoni. Bi Mwanarusi aliliona hilo na halikumpendeza. Alisema hatauacha uwanja mpaka awe na hakika kwamba anatuacha mikononi mwa mtu. Sisi tukaona ni vizuri basi asiwe na hakika, labda atabaki.

Mwezi wa kumi wakaja wageni wenye ile droni ya kupiga picha angani. Walikuwa wameiona picha ya zamani. Waliomba. Nami ni nani nimnyime mgeni? Nilikwea asubuhi tatu, Bi Mwanarusi akiwa likizo, panga mdomoni kama kijana. Sikumwambia mtu.

Baada ya wiki maumivu yakarudi, lakini hayakuwa yale niliyoyazoea. Panja la kushoto likawa haliguswi, hata kofia siwezi kuvaa. Nikitafuna nyama taya linachoka katikati ya tonge, kama mtu aliyepanda mlima. Nikawa nakula uji, na matobosha, vipande vya mkate vilivyolowekwa kwenye chai. Vidole vitatu vikawa kimoja. Usiku nalala nimekaa. Nikaanza kuogopa, na hofu nayo inakaza taya, nawe ukikaza taya unaumwa zaidi, ukiumwa unaogopa.

Nikaenda Alhamisi. Nikamkuta Bi Mwanarusi amekaa kwenye kigoda pembeni, na Husna ndiye aliyesimama nyuma ya benchi. "Leo mimi ni mtazamaji," akasema. Nikageuka nikaenda zangu. Alhamisi ya pili vilevile. Tarehe kumi na moja mwezi huu nilimfuata Bi Mwanarusi nyumbani kwake Mwabungo asubuhi, nikamkuta anachambua mchele, nikamwomba kwa heshima, mimi, nikamwomba.

Akasema, "Nikikukanda mimi leo, mwezi ujao utakandwa na nani? Utanifuata mpaka kaburini, ubishe hodi?"

Nikasema huenda nikatangulia mimi.

"Basi nenda kwa Husna. Na akikuuliza, mwambie kweli." Akanitazama vidole vyake vikiwa ndani ya mchele. Vidole gumba vyake vimevimba kwenye maungio, siku hizi hafungui hata kifuniko cha mtungi. Nilikuwa sijavitazama miaka yote hiyo.

Tarehe kumi na tatu mwezi huu, Alhamisi, nilikaa kwenye benchi la Husna. Akanisalimu, "Shikamoo babu," akafungua daftari. Maumivu yalianza lini? Yapo upande mmoja au pande mbili? Nimeanguka? Nina homa? Naona vizuri? Taya linachoka nikitafuna? Nikamjibu. Halafu akauliza, "Kuna jambo lolote la kazi lililobadilika kabla hayajaanza?"

Nikamwambia, "Kazi yangu ni ileile tangu hujazaliwa."

Akaweka kidole kimoja juu ya panja, mwepesi kama nzi. Akakiondoa. Akafunga daftari.

"Babu, mimi leo sikukandi."

"Unaogopa?"

"Ndiyo, naogopa." Hakuona haya kulisema. "Maumivu mapya ya kichwa, kwa mtu wa umri wako, panja haliguswi, taya linachoka kwa kutafuna, na sababu hatuijui. Kuna ugonjwa wa mishipa ya damu unaokuja hivyo, na ukicheleweshwa unapofua macho. Kwenye huo vidole havina kazi. Twende Msambweni sasa hivi."

Nilimtolea maneno. Nilimwambia ninakwea minazi arubaini. Nikamgeukia Bi Mwanarusi anitetee, na Bi Mwanarusi alikuwa amekwisha simama, anajitanda leso. "Umesikia," akasema. "Nyanyuka."

Tulipanda tuktuk mpaka barabara kuu, kisha gari la Msambweni, mimi katikati ya wanawake wawili. Nilikuwa nafumba jicho moja nasoma vibao vya maduka, nafumba la pili nasoma tena. Duka la simu. Saluni. Mbao na misumari. Kinyozi. Nimejifunza kusoma nikiwa na miaka arubaini na mitano. Kila kibao nilichokisoma nilikishukuru, na kila kilichopita upesi kabla sijakimaliza kilinifanya nikimbilie kinachofuata. Husna alinishikia kofia yangu mapajani njia nzima.

Daktari, kijana mpole, akauliza maswali yaleyale kwa mpango uleule, mpaka nikamtazama Husna. Akasema atatoa damu. Dawa ya ugonjwa huo ni kali, ya miezi mingi, na inalegeza mifupa. Hataki kumpa asiyeihitaji, wala kumcheleweshea anayeihitaji. Akauliza kwa mara nyingine kama kuna jambo lolote lililobadilika. Nikasema hakuna.

Hapo Husna akainama, akanitazama mdomo kwa karibu. "Babu, hiki kidonda cha pembeni mwa mdomo umekipata wapi? Na hapa kwenye meno pamekwaruzwa."

Nikaufunika mdomo kwa kiganja.

Bi Mwanarusi akasema, polepole, "Athmani. Panga?"

"Siku tatu tu," nikasema.

Nilitegemea anipigie kelele. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akajifunika uso kwa ncha ya leso. Akasema, "Miaka kumi na minne nimelala usingizi wangu kwa sababu najua panga liko kiunoni. Na mtoto huyu umemwacha abebe hofu isiyo yake, kwa kuficha maneno mawili." Daktari naye akasema ukweli wangu ameusikia, ila ataiamini damu. Akatoa.

Jibu lilikuwa la kesho yake. Kuanzia jioni ile mpaka saa nne asubuhi sikutia kitu tumboni. Nilikaa mlangoni kwangu nasoma gazeti la kufungia samaki, upande huu na upande wa pili, jicho la kulia, jicho la kushoto, nikijiambia kama ni kwisha, na kuishe na kurasa hizi nimezimaliza. Husna ndiye aliyepiga simu. Damu haina neno. Ni misuli, ya taya na ya panja, imechoshwa na panga na kukazwa na wasiwasi. Akasema, "Njoo Alhamisi, babu. Sasa nakukanda."

Naliandika hili katika jarida la hoteli, lisomwe na kila mtu kuanzia mlinzi wa geti mpaka meneja, kwa sababu Bi Mwanarusi ameniambia hataki zawadi nyingine kwangu ila hii. Nilidanganya kwenye benchi, na binti niliyemdharau alinipeleka hospitali kwa ajili ya uongo wangu, na alikuwa sahihi ingawa damu haikuonyesha ugonjwa. Mkandaji mwingine yeyote, na nasema yeyote, angenibonyeza panja kwa mazoea. Bi Mwanarusi mwenyewe amekiri kwangu kwamba angenikanda, kwa jinsi alivyonizoea. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, naye si mtu wa sauti ndogo.

Alhamisi iliyopita nilikaa mbele ya watu wote. Mikono ya Husna ni mizito kuliko nilivyodhani, na baridi. Alianzia begani, mbali kabisa na panapouma, akatafuta, akapata. Panja likaitika. Akangoja likatulia, akasogea shingoni, akangoja, akapanda kisogoni. Sikulia. Macho yalitoka maji kwa sababu ya mafuta. Bi Mwanarusi alikuwa pembeni kwenye kigoda, amejifungia mikono kwapani asije akaingilia. Nilimwona kwa pembe ya jicho anaegemea mbele kila Husna anapokaribia taya, midomo inamcheza, anataka kusema "hapa". Husna akafika palepale, kabla hajasemeshwa, akabonyeza.

Nikafumba macho. Nilipoyafumbua kigoda kilikuwa kitupu.

Moyo ulinipasuka. Katika miaka yote ya benchi hakupata kuondoka uani kabla ya mtu wa mwisho, na nyuma yangu walikuwa wamebaki watu tisa. Nikadhani ameanguka. Nikataka kunyanyuka, Husna akanikandamiza bega, "Tulia babu, hatujamaliza." Halafu nikaisikia sauti ya Bi Mwanarusi ndani, kwa dobi, anacheka na wanawake wenzake, anawahadithia jambo la zamani, wala hakuchungulia dirishani hata mara moja kuona mkono wa Husna uko wapi.

Bi Mwanarusi, sisi wa Mkadini tunakushukuru: wapishi, walinzi, wapiga pasi, na wale wa mapokezi wanaojua kununa kwa ajili yako. Tunakushukuru kwa kila "hapa". Sitasema hatuna hofu, maana nimekwisha ona uongo unanipeleka wapi. Hofu ipo. Lakini foleni ya Husna Alhamisi hii ni watu kumi na watano, na wa kwanza nimekwisha jiandika mimi. Nenda nyumbani Mwabungo ukavipumzishe vidole vyako, wajukuu wakufungulie mitungi, na wewe sasa ukae mtu akukande. Mungu akupe siku ndefu zenye afya na usingizi usio na wasiwasi wa mtu yeyote, hata wangu. Panga liko kiunoni.